Feni ya fanesi haizimi: mwongozo kamili wa kutafuta chanzo hatua kwa hatua

Nyumba nyingi za Marekani na Kanada hupashwa joto na fanesi: mtambo unaochoma gesi au kutumia umeme, kisha feni kubwa iliyo ndani yake inasukuma hewa ya moto kupitia mabomba hadi kwenye matundu ya sakafuni au ukutani. Sisi tuliokulia Mwanza, Bukavu au Mombasa hatukurithi ujuzi wa mtambo huu kwa wazazi. Tunaujua siku unapogoma. Na mgomo unaowachanganya wengi ni huu: chumba kimeshapata joto, moto umezimika, lakini feni inavuma usiku kucha na kutoa hewa ya baridi.

Jambo la kushika kabla ya kugusa bisibisi ni kwamba feni hii haijiamulii. Karibu kila inapozunguka, kuna kitu kinachoiamuru izunguke: themostati (kifaa cha ukutani cha kupangia joto), waya, bodi ya umeme, au swichi ya usalama inayojaribu kuokoa mtambo usiungue. Kazi yako ni kumtafuta mtoa amri. Watu hupoteza pesa kwa sababu wananunua mota mpya au bodi mpya kabla ya kujua amri inatoka wapi, halafu kifaa kipya kinapokea amri ileile na kuendelea kuvuma.

Je, ni feni yenyewe, na ni kweli haizimi?

Fanesi ya gesi ya kisasa ina feni mbili. Ile ndogo iko karibu na vichomeo. Inavuta moshi na kuutoa nje ya nyumba. Huanza kabla ya moto kuwaka na huzima muda mfupi baada ya moto kuzimika. Ile kubwa ina chumba chake ndani ya fanesi, na ndiyo inayosambaza hewa nyumbani. Weka kiganja kwenye tundu la hewa la chumba chochote. Ukisikia hewa inasukuma, ni feni kubwa. Mvumo ukiwepo kwenye fanesi lakini matundu yote yakawa kimya, unasikia feni ya moshi au kifaa kingine, na huo ni uchunguzi tofauti na huu.

Kisha hakikisha haichelewi tu kuzima. Moto ukizimika, chuma cha ndani bado kina joto, na feni imepangwa iendelee kidogo ili joto hilo liingie nyumbani badala ya kupotea. Kwenye bodi nyingi muda huo ni kati ya sekunde 60 na 180. Pia, usiku wa baridi kali kule Winnipeg au Minneapolis, fanesi inaweza kufanya kazi karibu mfululizo kwa sababu nyumba inapoteza joto haraka kuliko inavyolipata. Hapo moto unawaka, hewa ni ya moto, na themostati bado haijafikia kiwango ulichoweka. Huo si ubovu.

Jaribio ni rahisi: shusha themostati nyuzi kadhaa chini ya joto la chumba, kisha subiri dakika 5. Moto umezimika na feni bado inavuma? Basi endelea kusoma.

Lini usichunguze, uondoke au uzime

Feni inayozunguka mfululizo, peke yake, si jambo la dharura. Lakini inaweza kuambatana na mambo ambayo ni ya dharura.

Ukisikia harufu ya gesi, ile ya yai bovu, toka nje na watu wote. Usiwashe wala kuzima swichi yoyote. Simu ya 911 au ya kampuni ya gesi uipige ukiwa nje. King'ora cha kaboni monoksidi kikilia, au watu kadhaa nyumbani wakiumwa kichwa na kuhisi kichefuchefu kwa wakati mmoja, fanya vivyo hivyo. Gesi hiyo haina harufu wala rangi. Kama nyumba yako yenye fanesi ya gesi haina king'ora hicho, kakinunue kwanza, ndipo urudi kwenye mwongozo huu.

Ukisikia harufu ya plastiki au waya unaoungua, kata umeme wa fanesi. Na ukichungulia kwenye kidirisha cha fanesi ukaona mwali wa moto unawaka wakati themostati umeshaizima, ujue vali ya gesi haifungi. Bodi nyingi zikiona moto usiotakiwa huwasha feni makusudi ili joto lisirundikane, kwa hiyo hapo feni inakulinda. Funga gesi kwenye bomba linaloingia fanesi kwa kugeuza mpini ukae msalaba na bomba, kisha uite fundi. Hakuna la kujaribu mwenyewe hapo.

Umeme wa fanesi unakatwa kwa swichi inayofanana na ya taa, iliyobandikwa ubavuni mwa fanesi au ukutani karibu yake, mara nyingine ikiwa na kifuniko chekundu. Ukiikosa, tumia breka ya fanesi kwenye boksi la umeme la nyumba. Wafundishe wote nyumbani mahali ilipo, hata watoto wakubwa.

Lakini usikate umeme halafu ukalala. Ukikata umeme umekata na joto, na nje kukiwa chini ya sifuri mabomba ya maji yanaweza kuganda na kupasuka. Gharama ya mabomba yaliyopasuka haina ulinganisho na ya feni. Mota ya aina ya zamani hula karibu wati 500. Kwa saa 8 za usiku hizo ni uniti 4, na kwa senti 15 kwa uniti umelipa senti 60. Kwa hiyo kama joto linapatikana vizuri na tatizo ni feni tu, iache ivume mpaka asubuhi. Ukiiachia mwezi mzima ndipo inauma: uniti 360, yaani dola 54, bila kuhesabu uchakavu. Mota za kisasa zenye kompyuta ndani hula chini sana ya hapo zikizunguka polepole.

Swali moja linaloamua njia ya kufuata

Jiulize: joto linapatikana au halipatikani?

Kama nyumba inapata joto kama kawaida, moto unawaka na kuzimika kwa wakati wake, na feni ndiyo pekee isiyozima, shuku themostati, waya wake, au rilei ya bodi, yaani swichi ya umeme inayowasha mota. Kama feni inavuma hewa baridi na nyumba inazidi kupoa, au joto linakuja dakika chache kisha linakatika, shuku swichi za usalama na njia ya hewa. Wengi hurukia themostati kwa sababu ndiyo wanayoiona, wakati nyumba yao haina joto na dalili zote zinaelekeza kwenye fanesi. Liweke swali hili kichwani katika kila hatua.

Hatua ya 1: mipangilio ya themostati

Tafuta sehemu ya feni. Ikisomeka ON, feni itazunguka saa zote, moto uwepo usiwepo. Iweke AUTO na usubiri dakika 5. Ni kawaida sana kwa swichi hii kuguswa na mtoto, mgeni, au mtu aliyekuwa akipangusa vumbi, na fundi akaja kulipwa kwa kusogeza kidole.

Themostati nyingine zina mpangilio wa tatu wa kuzungusha hewa, ambao huwasha feni vipindi vipindi kwa takriban theluthi moja ya muda. Zile za intaneti kama Nest na ecobee zina ratiba ya feni iliyojificha ndani ya menyu: unaweza kukuta imeandikwa feni izunguke dakika kadhaa kila saa, au muda wote wa usiku. Skrini inasema AUTO lakini ratiba inasema lingine. Fungua programu kwenye simu, ingia kwenye mipangilio ya feni, na ushushe muda wa chini kabisa hadi sifuri. Kama nyumba ni ya kupanga au uliinunua karibuni, angalia pia kama mtu aliyeishi hapo kabla bado ameunganishwa na themostati hiyo.

Kama tatizo lilianza mara tu baada ya kubadilisha themostati, simama hapo kwanza. Themostati za kisasa zinahitaji waya wa C ili zipate umeme wa kudumu. Nyumba za zamani mara nyingi hazina waya huo, kwa hiyo watu huchukua waya wa feni, ule wa G, na kuufanya C ukutani. Njia hiyo inafanya kazi iwapo waya huohuo umehamishwa na kule kwenye fanesi pia. Ukihamisha upande mmoja tu, umeme unaoilisha themostati unapitia mlango wa feni wa bodi, na feni inaweza kuwaka isizime, au kuwaka na kukatikakatika.

Hatua ya 2: chujio na njia ya hewa

Hatua hii haikwepeki hata kama unadhani chujio ni safi. Kitoe ukitazame kwenye mwanga. Kama mwanga haupiti, hewa nayo inapita kwa shida.

Chujio likiziba, feni inavuta hewa kidogo, na hewa hiyo kidogo haitoshi kupoza chuma kinachochomwa na moto. Joto linapanda mpaka swichi ya kikomo (limit switch), ile ya usalama inayolinda fanesi isipate joto kupita kiasi, inafunguka, yaani inakata mkondo wa umeme. Moto unakatwa, feni inaachwa izunguke ili kupoza. Ikishapoa, moto unawaka tena, joto linapanda tena, na mchezo unarudia usiku kucha. Kwa aliye kitandani inasikika kama feni isiyozima kamwe.

Weka chujio jipya la kipimo kilekile. Kimeandikwa ubavuni, kwa mfano 16x25x1 au 20x20x1. Mshale ulioko kwenye fremu uelekee upande wa feni. Kuhusu ubora, kwa machujio membamba ya inchi 1 mimi napendelea MERV 8 hadi 11 (MERV ni kipimo cha uwezo wa chujio kukamata vumbi; namba ikipanda, linakamata zaidi). MERV 13 hukamata vumbi laini zaidi, na wenye pumu wana sababu nzuri ya kulitaka, lakini katika unene wa inchi 1 linaweza kubana hewa ya fanesi ambayo mabomba yake tayari ni membamba. Kama unalihitaji, fundi akuwekee nafasi ya chujio nene la inchi 4.

Halafu zunguka nyumba nzima. Matundu ya hewa yafunguliwe, hata ya vyumba visivyotumika. Kuyafunga hakuokoi pesa kama inavyodhaniwa, kunaibana fanesi. Tafuta na tundu kubwa linalorudisha hewa kwenye fanesi. Katika nyumba zetu nyingi limefunikwa na sofa, zulia, au kabati la vyombo vya wageni. Lisogezwe.

Kama chujio lilikuwa limeziba kabisa, au fanesi ilikuwa ikitumika bila chujio, koili ya kiyoyozi iliyo juu ya fanesi inaweza kuwa imevaa vumbi kama blanketi. Huko hufiki bila kufungua mabati, na usafishaji wake ni kazi ya fundi.

Hatua ya 3: soma taa ya bodi kabla ya kufungua mlango

Fanesi ya kisasa ina bodi yenye taa ndogo inayomweka, na mara nyingi mlango wa chini una kidirisha cha duara cha kuitazama. Hesabu mimweko kupitia kidirisha hicho, au irekodi kwa video ya simu, kabla hujafungua chochote. Mlango una swichi inayokata umeme ukifunguliwa, na kwenye bodi nyingi kukata umeme kunafuta kumbukumbu ya tatizo. Mtu anafungua mlango kwa pupa, taa inazima, na ushahidi unapotea.

Maana ya mimweko imechapishwa kwenye karatasi iliyobandikwa upande wa ndani wa mlango. Usitegemee jedwali la fanesi nyingine, kwa maana kila kampuni ina hesabu yake. Unatafuta maneno yanayosema swichi ya kikomo imefunguka, swichi ya mwali (rollout switch) imefunguka, au moto umeonekana bila kuitwa. Piga picha ya jedwali zima.

Swichi hiyo ya mlango ina mtego mwingine: ukifungua, feni inazima, na unaweza kudhani umetengeneza kitu. Hujatengeneza. Kila jaribio linalofuata lihukumiwe mlango ukiwa umefungwa.

Hatua ya 4: jaribio linalogawa tatizo vipande viwili

Hapa ndipo uchunguzi wote unapoamuliwa, na hauhitaji kifaa chochote zaidi ya bisibisi.

Kata umeme wa fanesi. Nenda ukutani, uvute uso wa themostati utoke kwenye kitako chake; nyingi za sasa zinachomoka kwa kuvutwa. Utaona nyaya nyembamba za rangi. Kama badala yake unakuta nyaya nene zenye vikofia vya plastiki, rudisha ulivyokuta: hiyo ni themostati ya umeme mkubwa wa hita za ukutani, si ya fanesi.

Rudisha umeme, mlango wa fanesi ukiwa umefungwa, na usubiri dakika 5.

Feni ikikaa kimya, mtoa amri ni themostati. Rudisha uso wake, hakikisha iko AUTO. Feni ikianza tena, themostati imeharibika ndani au waya umewekwa mahali pasipo pake. Themostati mpya ya kawaida ni kifaa cha bei nafuu kuliko vyote vilivyotajwa humu, na kuibadilisha ni kazi ya nusu saa. Piga picha ya nyaya kabla ya kuzichomoa, na ufuate herufi za kwenye kitako. Rangi zisikudanganye, kwa sababu aliyefunga huenda alitumia rangi aliyokuwa nayo.

Feni ikiendelea kuvuma bila themostati, nenda kwenye fanesi. Kata umeme, fungua mlango wa chini, tafuta bodi. Pembeni yake kuna safu ya skrubu zenye herufi R, W, Y, G na C. R ndiyo yenye umeme mdogo wa volti 24, W inaita joto, Y inaita kiyoyozi, C ni ya kurudishia umeme, na G inaita feni. Piga picha. Legeza skrubu ya G, toa waya au nyaya zote zilizopo hapo, ufunge kila ncha kwa utepe wa umeme. Angalia R isiguse C hata kwa bahati mbaya, maana fyuzi ndogo ya bodi, ya ampea 3 au 5, itakatika na fanesi itakufa kabisa mpaka uibadilishe. Funga mlango, rudisha umeme, subiri.

Ikizima sasa, tatizo liko kati ya fanesi na ukuta. Mara nyingi waya wa R na wa G umegusana: pini ya kubania imekata ganda, msumari wa picha umepita katikati, au panya ametafuna. Kebo ya themostati mara nyingi ina nyaya za ziada zisizotumika. Chagua mmoja, ubadilishe nafasi ya ule wa G ncha zote mbili, ukutani na kwenye bodi, na mara nyingi tatizo limekwisha bila kuvuta kebo mpya. Lakini ukiona kebo imetafunwa sehemu kadhaa, vuta mpya.

Kama kwenye G ulikuta nyaya mbili, usirudishe zote kwa pamoja. Nyumba nyingi mpya za Kanada zina mashine ya kubadilisha hewa, inayotoa hewa chafu ya bafuni na jikoni na kuingiza safi. Mashine hiyo mara nyingi imeunganishwa na fanesi kupitia R na G, ili feni kubwa izunguke kila mashine inapofanya kazi. Kitufe chake cha ukutani kikiwekwa kwenye mfululizo, feni ya fanesi nayo haitazima, na themostati yako haina hatia. Rudisha waya mmoja mmoja, na ule utakaoamsha feni ndio utakaoufuata mpaka mwisho wake.

Na kama hata baada ya kutoa G feni bado inavuma, mtoa amri yuko ndani ya fanesi.

Hatua ya 5: swichi ya kikomo na swichi ya mwali

Swichi ya kikomo ni kisahani kidogo cha chuma kilichofungwa kwa skrubu mbili kwenye ukuta wa chumba cha moto, chenye nyaya mbili. Mara nyingi ina namba mgongoni, kwa mfano L160, maana yake inafunguka kwenye nyuzi 160 za Fahrenheit, yaani karibu 71 za Selsiasi. Ikiwa baridi lazima iwe imefunga. Bodi ikiiona imefunguka, inakata gesi na kuwasha feni, bila kusikiliza themostati inasema nini.

Kuipima: kata umeme, iache fanesi ipoe vizuri, chomoa nyaya zake mbili, weka multimita (kifaa cha kupimia umeme) kwenye omu, gusa ncha zote mbili. Usomaji wa karibu na sifuri ni mzima. Mita isipoonyesha muunganiko wowote wakati swichi ni baridi kabisa, imekufa ikiwa wazi, na ndiyo inayoshikilia feni. Nunua yenye namba ileile, kwa kutumia namba ya modeli ya fanesi iliyoko kwenye bamba la ndani. Usikubali yenye joto la juu zaidi eti kwa sababu duka halina nyingine.

Nasisitiza hili kwa moyo wote: usiunganishe nyaya hizo mbili pamoja ili kuipita swichi. Feni itazima, kweli, na kila mtu atafurahi. Lakini umeondoa kitu kilichokuwa kinazuia chuma cha ndani kupata joto la kupasuka, na chuma hicho ndicho kinachotenga moshi wenye kaboni monoksidi na hewa mnayovuta mkiwa mmelala. Kuna mafundi wa mitaani wanaofanya hivyo na kupokea pesa. Ukimwona anafanya, mzuie.

Na swichi ya kikomo haifi bila sababu mara nyingi. Imefunguka na kufunga mara nyingi mno kwa sababu ya hewa hafifu. Ukibadilisha swichi bila kumaliza Hatua ya 2, utarudi hapa tena.

Karibu na midomo ya vichomeo kuna swichi nyingine ndogo yenye kitufe katikati, mara nyingi chekundu. Hiyo ni ya mwali: inafunguka moto ukitoka nje ya mahali pake. Ikifunguka, bodi nyingi zinazungusha feni na kukataa kuwasha moto mpaka mtu abonyeze kitufe. Kubonyeza ni rahisi, lakini moto uliotoka nje una sababu, na sababu hizo ni kama bomba la moshi lililoziba, vichomeo vyenye kutu, au chuma cha ndani kilichotoboka. Ukikuta kitufe kimeruka, mwite fundi wa gesi mwenye leseni akague kabla fanesi haijawashwa tena.

Hatua ya 6: rilei ya bodi, au mota

Umetoa G, swichi zote zimefunga, jedwali la taa halilalamiki, moto unawaka na kuzimika vizuri, lakini feni haizimi. Kwenye fanesi yenye mota ya kawaida, hapa mtuhumiwa ni rilei: kiboksi cheusi kwenye bodi kinachounganisha volti 120 kwenda kwenye mota. Vidole vyake vya ndani vimeungua na kushikana. Mafundi hukigonga taratibu kwa mpini wa bisibisi, na feni ikizima kwa pigo hilo, ni uthibitisho kwamba rilei imeshikana. Lakini usifanye bodi ikiwa na umeme kama hujazoea kazi hiyo, na usichukulie pigo kuwa ni tiba. Itashikana tena. Bodi nzima inabadilishwa.

Mota za kisasa zina kompyuta yake yenyewe mgongoni. Hizi hupata umeme mkubwa muda wote, na bodi inazituma kwa ishara tu. Kama bodi haitumi ishara na mota inazunguka, kompyuta ya mota ndiyo mbovu. Kulipima hilo kunataka multimita na umeme ukiwa hai, karibu na feni inayoweza kukata vidole. Mwachie fundi. Lakini mwulize kabla hujalipa: bodi ilikuwa inatuma ishara au haitumi? Fundi aliyepima atakujibu mara moja. Asiye na jibu anakisia, na kukisia kati ya bodi na mota ni kukisia kwa mamia ya dola zako.

Fanesi za zamani zenye kisahani cha namba

Fanesi za miongo iliyopita hazina bodi wala taa. Zina boksi la chuma, mara nyingi la Honeywell, lenye kisahani kinachozunguka na vijino vitatu: cha kuzima feni, cha kuwasha feni, na cha kikomo. Toa kifuniko chake. Kijino cha kuzima mara nyingi huwekwa karibu nyuzi 90 hadi 100 za Fahrenheit. Kikiwa chini mno, katika chumba chenye joto, hewa haitapoa kufikia hapo na feni haitazima. Kipandishe kidogo, lakini kishike kisahani kwa vidole kisizunguke wakati unasogeza kijino. Nyuma yake kuna koili laini inayosikia joto, na ukiizungusha kwa nguvu inapinda, boksi zima linakuwa la kutupa.

Pembeni kuna kitufe cheupe cha kuvuta na kusukuma. Upande mmoja feni ni ya moja kwa moja, upande wa pili ni ya mfululizo. Maandishi yako palepale. Mtu aliyebadilisha chujio anaweza kukisukuma kwa bega bila kujua.

Fanesi ya umeme

Nyumba nyingi za kuhamishika na baadhi ya apatimenti zina fanesi ya umeme wa volti 240. Hapa kuna rilei maalumu zinazowasha koili za joto moja baada ya nyingine, na feni pamoja nazo. Moja ikishikana, feni inabaki imewaka, na pengine koili nayo inabaki imewaka. Koili iliyobaki imewaka ni hatari kubwa, kwa hiyo jaribu hivi: zima themostati, subiri dakika 10, uguse hewa. Ikiwa bado ya moto, kata breka zote za fanesi na uite fundi. Usitafute njia ya kuizima feni peke yake, kwa sababu koili zinazowaka bila feni zinaweza kuanzisha moto.

Kama umepanga

Mpangaji aishie Hatua ya 2, na soma taa ya bodi kama inaonekana. Kufungua fanesi ya mwenye nyumba kunaweza kukuletea lawama ya ubovu ambao hukuusababisha. Mwandikie ujumbe wa maandishi, usipige simu tu, ukiweka tarehe, video ya taa inayomweka, na jibu la lile swali: joto lipo au halipo. Jibu hilo linabadilisha uzito wa jambo. Miji mingi ina sheria ya joto la chini kabisa. Chicago, kwa mfano, inamtaka mwenye nyumba anayehusika na joto ahakikishe nyuzi 68 za Fahrenheit mchana na 66 usiku, kuanzia Septemba 15 hadi Juni 1. Feni inayovuma hewa baridi chini ya hapo si usumbufu tena, ni ukiukaji wa sheria ya jiji, na ofisi ya jiji inapokea malalamiko.

Baada ya matengenezo

Usiagane na fundi mlangoni kabla ya kuona fanesi ikifanya mzunguko mzima. Pandisha themostati nyuzi 5, moto uwake, feni ifuate. Ishushe. Moto ukizimika, anza kuhesabu kwa saa ya simu mpaka feni izime, kisha andika sekunde hizo kwa kalamu ya wino mzito kwenye mlango wa fanesi, pamoja na tarehe na kipimo cha chujio. Rudia mara mbili zaidi. Muda ukiwa uleule kila mara, amri zinafika zinavyotakiwa. Ukibadilika sana, au moto ukikatika kabla themostati haijaridhika, bado kuna tatizo la hewa, na arudi kwenye njia ya hewa kabla hujasaini risiti.